Kilomita Chache, Mbuzi Wengi

Serikali ilinistaafisha mwaka 2024 kwa kosa moja tu: nilitimiza miaka 60. Haikuniuliza nimetumika kiasi gani. Haikufungua boneti kutazama moyo, wala haikunipandisha kwenye jeki kukagua magoti. Ilisoma mwaka wa kuzaliwa, ikagonga muhuri, ikanitakia maisha mema. Na mimi, ukiniuliza, ni mali iliyotunzwa. Zaidi ya miaka 30 nimetembea kutoka nyumba ya mwalimu kwenda ubaoni, na kutoka ubaoni kurudi nyumba ya mwalimu. Hata soli za viatu vyangu ziliisha kwa kusimama, si kwa kutembea. Kilomita zangu ni chache mno.

Nayasema haya ili ujue moyo wangu ulikuwa wapi siku ile mpwa wangu aliyeko Dar aliponitumia picha kwenye simu. Gari jekundu, milango miwili, limeinamisha pua kama duma anayenyemelea swala. Chini yake maneno: "Toyota Celica. Spoti. Kama mpya. Haijatembea Bongo. Namba E. Km 29,400 tu. AC inagandisha. Bei maelewano."

Nilisoma neno "tu" mara tatu. Nikajiambia: hili ni mimi. Watu watatazama mwaka wake na kulidharau, lakini ndani bado zima.

Mafao yalikuwa yameingia wiki ile ile. Kwenye semina ya wastaafu watarajiwa tulionywa mengi. Tusifungue biashara tusiyoijua. Tusiwakopeshe shemeji. Tusiongeze mke. Tusiwasikilize vijana wanaokuja na fursa. Nimepekua daftari langu la semina ukurasa kwa ukurasa: gari la milango miwili hawakulitaja popote.

Kijana wa leo ukimtajia Celica anakuuliza kama ni aina ya simu. Lakini sisi wa rika langu tulikua na jina hilo masikioni. Mwaka 1984 Celica ilishinda mbio za Safari kule Kenya, ikarudia 1985, ikarudia 1986. Waldegård, kisha Kankkunen, kisha Waldegård tena. Majina ya Ulaya ya kaskazini ambayo tuliyatamka kama majina ya dawa. Mwaka 1993 ndiyo ilikuwa balaa: Toyota ilibeba nafasi nne za kwanza, Kankkunen mbele. Mwaka uliofuata akashinda Ian Duncan, Mkenya, na redio ya kijiji ikaishiwa betri kwa furaha. Wanafunzi wangu walikuwa wakichora Celica nyuma ya madaftari ya hesabu. Niliwaadhibu, nikayachukua madaftari, nikaenda kuyatazama nyumbani.

Basi nikajiuliza: gari lililoshinda matope ya Kenya litashindwa na kijiji chetu cha Malolo?

Hapo ndipo mwalimu mzima alipokosa swali la kwanza. Celica zile za miaka ya tisini zilivuta kwa matairi yote manne, zimenyanyuliwa juu ya ardhi, na angani kulikuwa na helikopta inayotazama kama kuna ng'ombe mbele. Ya kwangu ni ya mwaka 2001, inavuta kwa matairi ya mbele tu, tumbo lake linakaribia kuramba barabara, na aliyekuwa akinitazama kutoka juu ni Mungu peke yake.

*

Nilipofika kwenye yadi, dalali alinikimbilia kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Mzee, hii mashine ukiiacha leo, kesho utanipigia ukilia. Washa mwenyewe usikie."

Nikawasha. Likanguruma kwa adabu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuanza risala. Kwenye dashibodi: 29,400. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyedanganyika, imekuwaje gari la siku nyingi namna hii liwe na kilomita chache hivi.

"Mzee, Mjapani anapanda treni. Gari anapanda Jumapili, anakwenda kununua samaki, anarudi anaifunika turubai."

Nisimwonee: kuna ukweli hapo. Japani gari binafsi hufanyiwa ukaguzi mkali, wenyewe huuita shaken. Mara ya kwanza ni baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na gharama yake inauma. Wengi wakiona siku ya ukaguzi inakaribia huona heri kuuza. Ndiyo maana meli hazikauki bandarini Dar: wao wanakimbia ukaguzi, sisi tunakimbilia mtumba. Na treni zao ni kweli zinafika kwa dakika iliyoandikwa. Tena sisi watu wa Malolo tuna sababu ya kumwamini Mjapani. Mfereji wa Mwega, unaonywesha vitunguu vyetu, ulijengwa kwa msaada wake. Maji hayajawahi kutudanganya. Nikaona mtu aliyetupa mfereji wa kweli hawezi kutupa namba ya uongo.

Kisha kuna habari ya namba E. Mgeni atashangaa, lakini Tanzania umri wa gari hatuuhesabu toka kiwandani, tunauhesabu toka kwenye kibati cha namba. Gari lenye herufi ya C ni babu, D ni baba, E ni kijana. Celica yangu ilizaliwa Mkapa akiwa Ikulu, ikabatizwa Mama Samia akiwa Ikulu, na majirani wote wakaipa umri kuanzia ubatizo. Kibati cha njano kinang'aa, nani atauliza cheti cha kuzaliwa?

Anayeuliza yupo, ni mtu wa kodi. Lakini karatasi zake nilizisoma nikiwa nimekwisha kulipa, usiku, nyumbani kwa mpwa wangu, kwa miwani ya kuazima. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ongezeko la thamani asilimia 18. Halafu mstari mmoja mdogo, mnyenyekevu, kama mwanafunzi aliyekaa nyuma: asilimia 30 nyingine kwa kuwa gari limezidi miaka kumi. Ushuru wa uzee! Yaani yule dalali aliyeniandikia "kama mpya" alikuwa na faili mkononi linaloonyesha gari limeshatozwa faini kwa kuzeeka. Serikali ilisema ni zee. Dalali alisema ni jipya. Na mimi, ambaye serikali hiyo hiyo ilikuwa imetoka kunitangaza mzee, nikachagua kumwamini dalali. Nadhani unanielewa.

*

Kutoka Dar hadi Ruaha Mbuyuni, tunapoiacha lami kuingia kwetu, ni karibu kilomita 400. Dashibodi ya gari langu inaishia 180, kwani ndivyo Wajapani wanavyozifunga gari zao za ndani. Nikapiga hesabu ya kitoto: mia nne gawanya kwa mia na themanini. Saa mbili na dakika chache, nitakula chakula cha mchana kwangu.

Nilitoka alfajiri, nikala chakula cha usiku, tena kimepoa.

Penye nyumba tatu na mgahawa kuna kibao cha 50. Penye kibao kuna matuta. Penye mti mzuri wa kivuli kuna askari na tochi ya kupima mwendo. Pale Morogoro sikumwona, yeye akaniona. Faini shilingi 30,000, na swali la bure: "Mzee, unawahi wapi na umri huo?" Lakini tochi si kitu mbele ya tuta. Gari la kawaida hupanda tuta likashuka. Langu lilikuwa likipanda nusu, linakaa. Matairi ya mbele yanatazama Iringa, ya nyuma bado yako Dar, katikati tumbo limelala juu ya tuta kama mamba anayeota jua. Nikajifunza kulipita kimshazari, polepole, huku malori ya Zambia yananipigia honi na lori la nyanya linanipita kwa madaha.

Kisha hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na mchana mwendo mwisho ni 70, usiku 50. Kuna ubao umeandikwa faini ya kila mnyama utakayemgonga. Tembo anatisha, ila bei yake inatisha zaidi. Nami nimekaa chini, makalio yangu na lami ni majirani wa ukuta mmoja. Kwenye basi mtu humtazama nyani kwa juu, akamhurumia. Ndani ya Celica, nyani alikaa ukingoni mwa barabara akanitazama yeye kwa juu, na naapa alinihurumia. Twiga sikumwona. Niliona magoti.

Mikumi mjini nikasimama kwa fundi. Kitu kilikuwa kinagonga chini. Fundi, kijana mpole aliyejaa grisi hadi kwenye kope, akaingia uvunguni, akatoka, akafungua mlango wa dereva, akakaa kimya muda mrefu. Daktari akikaa kimya hivyo huwa anatafuta ndugu wa mgonjwa.

"Mwalimu, walikwambia ina kilomita ngapi?"

"Elfu ishirini na tisa na mia nne, ukiondoa za leo."

"Hebu tazama pedali ya breki."

Nikatazama. Mpira wake umelika upande mmoja, umekuwa laini kama kandambili za mzee wa misikitini. Usukani unang'aa mahali pa mikono. Kiti cha dereva kimebonyea kwa makalio ya mtu nisiyemjua.

"Siku hizi kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya dakika chache, Mwalimu. Wanachomeka kompyuta tu. Ungeomba karatasi ya mnada. Kule Japani gari likipita mnadani linapewa maksi, na kilomita zake zinaandikwa. Ukiwa na namba ya chesesi unaweza kulipia wakakutafutia."

Maksi! Kumbe gari langu lina ripoti ya shule, na mwalimu mzima nimemchukua mwanafunzi bila kuuliza ripoti.

Hapo ndipo hesabu iliponijia, baada ya fedha kwenda, kama kawaida ya hesabu. Nikachukua kijiti nikaandika mavumbini. Mwaka 2001 hadi 2024 ni miaka 23. Kilomita 29,400 gawanya kwa 23, gawanya kwa siku 365. Jibu: kilomita tatu na nusu kwa siku. Nikahakiki. Tatu na nusu. Mjapani gani huyo, aliyenunua gari la spoti, akaliendesha kilomita tatu na nusu kwa siku kwa miaka 23? Watoto wangapi niliwasimamisha ubaoni hadi wakalia kwa kushindwa kugawanya namna hii, na mimi mwenyewe nimegawanya mafao yangu bila kubakiza hata salio.

*

Barabara ya kwetu, kwa asiyeifahamu, imechongwa na malori ya vitunguu. Matairi yao yamechimba mifereji miwili, katikati kumebaki mgongo. Lori linapita. Bodaboda inapita hata na magunia mawili. Celica iliingia mita kama mia mbili, ikaupanda mgongo, ikatulia. Matairi ya mbele yalizunguka hewani kwa kasi ambayo kwa mara ya kwanza siku ile ilikaribia ile ya dashibodi.

Aliyenivuta ni kijana mwenye pawatila. Chombo hicho, cha kulimia majaruba, hakijui mwendo zaidi ya ule wa mtu anayekwenda msibani. Tuliingia Malolo hivyo, kamba mbele, mimi usukanini nimevaa suti ya siku ya kuagwa, taa zinawaka, na kundi la watoto limetutangulia likiimba. Kabla sijafika nyumbani gari lilikuwa na jina: Kenge. Jekundu, refu, linatambaa kwa tumbo. Sina cha kubisha.

Mke wangu alitoka, akafuta mikono kwenye kanga, akalizunguka mara moja.

"Baba, linabeba magunia mangapi?"

Sikujibu. Akafungua buti, akapima kwa macho. Akaleta gunia la vitunguu la lumbesa, lile lenye kichwa kilichoshonewa kamba kama kilemba. Halikuingia. Likaingizwa kupitia mlangoni, likakaa kwenye kiti cha abiria, yaani mahali pa mke wangu.

"Lina kilomita chache," nilisema.

"Hata jembe lisilokwenda shamba halichakai," alisema, akarudi jikoni.

Usiku ule nilikaa nikatafakari lumbesa. Sisi wakulima tunaibiwa kwa gunia linalopandishwa: unauza gunia moja, linaondoka moja na nusu. Wakala wa Vipimo wanapiga marufuku, mnunuzi anaongeza kamba. Fedha hiyo hiyo ukienda nayo Dar, unauziwa gari ambalo namba yake imeshushwa. Huku wanaongeza, kule wanapunguza, na katikati ya jumlisha na toa amesimama mkulima, ameshika risiti.

*

Sasa ni mwaka na ushei. Kenge anaishi chini ya mwembe. Kuku mmoja aligundua kwamba juu ya injini kuna joto la kufaa, akataga mayai tisa. Mke wangu alikataza kuliwasha hadi yakaanguliwa, akasema hatimaye gari limezaa kitu.

Siku nyingine zote, jioni huwa naliendesha. Mtu hawezi kuwa na spoti asiiendeshe. Natoka mwembeni, napita shuleni ili wanafunzi waone, nafika ukingo wa mfereji kutazama zamu ya maji, nageuza, nasimama kijiweni nakunywa kahawa, narudi. Zaidi ya hapo barabara hairuhusu. Na njia yote ni kukanyaga breki. Shimo, breki. Mbuzi wa jirani, breki. Mbuzi wengine wa jirani yule yule, breki. Mtoto anayetaka kugusa taa. Mzee anayetaka salamu, na salamu ya kwetu si neno moja: utaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za wajukuu, na muda wote huo mguu uko kwenye pedali.

Juzi fundi wa Mikumi alikuja kijijini kwa kazi ya pampu, nikamwita anitazamie Kenge. Mpira wa pedali ule wa zamani aliubadilisha yeye mwenyewe mwaka jana, akaweka mpya kabisa. Akafunua mkeka, akapiga mluzi.

"Mwalimu, umekwenda Songea na kurudi mara ngapi? Mpira umeshakwisha upande."

"Sijavuka mfereji," nikamwambia.

Akacheka, akadhani natania. Mimi sikucheka. Kuna kitu kilinigusa. Jioni ile, kabla ya kutoka, nilibonyeza kile kitufe kinachorudisha mita ndogo ya safari kwenye sifuri. Hicho ni halali kukibonyeza. Nikaenda shuleni, mfereji, kijiweni, nyumbani. Nikazima injini, nikavaa miwani, nikainama.

3.6.

Nilikaa humo ndani giza likiingia. Tatu nukta sita. Kumbe pedali haihesabu kilomita, inahesabu mbuzi. Na kiti hakibonyei kwa safari, kinabonyea kwa kukaliwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona yule Mjapani niliyemtukana mwaka mzima: mzee aliyestaafishwa kwa kosa la kutimiza miaka, amejinunulia kitu chekundu ambacho mkewe hakukiomba, anakizungusha kila jioni hadi mahali anapouzwa samaki na kurudi, akisimama kwa kila mwenye salamu. Huenda alikuwa mwalimu. Huenda naye alikuwa wa hesabu.

Mpwa wangu alipiga simu jana. "Mjomba, nimepata jamaa anayetafuta zile karatasi za mnada. Tulipie kidogo tu, tujue ukweli wa kilomita?"

Nikamwambia aache. Kama dalali ni mwongo, fedha hairudi. Kama ni mkweli, itanibidi nimwombe radhi, na yule hastahili. Zaidi ya hayo, mimi na Mjapani wangu tumeshafikishana mahali pazuri. Yeye tatu na nusu, mimi tatu nukta sita. Nimemzidi mita mia moja, na mbuzi.